Ulihama au ulikimbia? Neno dogo la Kiingereza na uzito wake kwa familia za Miti

Miti, wilaya ya Kabare. – Barabara mbili zinakutana Miti. Ya kwanza ni barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu na kuendelea Kavumu, Katana, Kalehe, Minova hadi Goma. Ya pili inaelekea magharibi, inapanda Tshivanga, inakata mbuga ya Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri, kisha Walikale. Ndiyo sababu kila vita ya Kivu inafikisha watu Miti. Masasi yakilia Kalehe, watu wanakuja na barabara ya kwanza. Yakilia Bunyakiri, wanakuja na ya pili. Na mwezi wa pili 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulipotekwa tarehe 14 na mji wa Bukavu tarehe 16, wenyeji waliozoea kupokea wageni walijikuta wao wenyewe wakifunga mizigo.

Kila familia iliyopita kwenye barabara hizo imeulizwa swali moja. Imeulizwa na chefu wa kijiji, na mwenye nyumba aliyeipokea, na vijana wa mashirika wenye fishi mkononi: kwa nini mlitoka kwenu? Jibu linatolewa kwa Kiswahili, Kimashi, Kihavu au Kitembo. Kwenye fishi linaandikwa kwa Kifaransa. Likifika kwenye ripoti inayosomwa Nairobi, Geneva au New York, mara nyingi limekwisha kugeuka Kiingereza. Na jamaa waliofika hadi Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali au Kyaka II, wanaulizwa kwa Kiingereza moja kwa moja, mkalimani akiwa katikati.

Katika safari hiyo yote kuna kitenzi kimoja kinachobeba mzigo mkubwa. Kinaandikwa "flee" na kutamkwa "flii". Kikielezea jambo lililokwisha pita, kinakuwa "fled". Sauti yake ni sawasawa na ya neno la Kiingereza la kiroboto, ingawa herufi ni tofauti. Wanafunzi wengi wanakichanganya pia na "fly", yaani kuruka, ambacho kikipita kinakuwa "flew". Anayeandika kwamba familia yake "flew" kutoka Kalehe amesema walipanda ndege. Hakuna aliyepanda ndege.

Maana yake ni kuondoka mahali kwa haraka kwa sababu ya hatari au hofu. Ndani ya neno hilo moja kuna mambo matatu: mwendo, haraka na hatari. Ukiondoa hatari, neno halifai tena. Mtu hawezi "flee" kwenda sokoni Mudaka. Anaweza "flee" tu kama nyuma yake kuna kitu kinachotisha. Msikilizaji wa Kiingereza akilisikia, hata kabla ya kuambiwa habari nyingine, anajua kwamba aliyeondoka hakupenda.

Shida ya kwanza inaanzia kwenye kamusi. Mwanafunzi wa sekondari akitafuta "run" anakuta kukimbia. Akitafuta "flee" anakuta kukimbia vilevile. Basi anachagua lile fupi analolijua tangu zamani, na kuandika kwamba mwaka huu familia yao "run" kutoka Bunyakiri. Mwalimu anamuuliza kama walikuwa kwenye mashindano. Darasa linacheka, lakini mwalimu ana haki. "Run" ni kazi ya miguu: mtoto anayewahi kengele ya shule, mchezaji anayefuata mpira. "Flee" si kazi ya miguu. Bibi wa miaka 80 aliyebebwa kwenye kipoyo usiku kucha hakupiga mbio hata hatua moja, na bado kwa Kiingereza huyo bibi "fled". Kiswahili kinajua jambo hilohilo. Mtu anasema "tulikimbia vita" hata kama alikaa nyuma ya moto, mtoto mgongoni na godoro juu ya kichwa cha dereva.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, nayo iko kwenye neno kuhama. Huku Kivu watu wanapenda kusema "tulihama". "Vita ilifika, tukahama." Kila jirani anaelewa. Lakini mkalimani asiye mwangalifu anatafsiri "we moved", na "move" katika Kiingereza cha kila siku ni kubadilisha nyumba: mpangaji wa Kadutu aliyepata chumba cha bei nafuu Bagira, au mfanyakazi aliyepelekwa na kazi yake mji mwingine. Hakuna masasi ndani ya "move". Hali ni hiyohiyo kwa "leave", kuondoka. Mgeni anaondoka baada ya kula, na mtu anaondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini.

Kwa mtu aliyevuka mpaka, tofauti hiyo si mchezo wa shule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi ya kuteswa. Mkataba wa Afrika wa 1969 ukapanua mlango: unamhesabu pia mtu aliyelazimika kuacha makao yake kwa sababu ya uvamizi, ukaliaji au machafuko makubwa yanayovuruga usalama wa nchi. Katika mikataba yote miwili kinachotafutwa ni sababu iliyomsukuma mtu. Mama akisema "tulihama usiku na watoto", na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba familia ilibadilisha makao, sababu imeangukia njiani. Mama hakudanganya, wala mkalimani hakudanganya. Ila mwenye kusoma karatasi hana cha kushika.

Kuna "run away". Hilo nalo kamusi inaliita kukimbia, lakini Waingereza wanalitumia mara nyingi kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila ruhusa, mwenye deni, au mtu aliyekwepa wajibu wake. Kwa Kiswahili ni ndugu wa kutoroka. Mfungwa anatoroka, askari anatoroka jeshi, mwanafunzi anatoroka darasa. Kijana aliyeokoka kwa watu wenye silaha waliotaka kumwingiza kwa nguvu katika kundi lao, akisema kwa ufupi tu kwamba alitoroka, anaweza kusikika kama mwenye kosa. Inafaa aongeze ni nani aliyemchukua na kwamba hakukubali.

Kuna "escape", kuponyoka. Neno hilo lina asili nzuri. Wataalamu wa lugha wanasema limetoka kwenye Kilatini, maneno mawili yenye maana ya kutoka ndani ya vazi la kujifunika. Anayekukamata anabaki na nguo mkononi, wewe umekwenda. Akina mama wa Kivu walioacha kitenge kwenye miiba au mkononi mwa mtu wanalielewa bila kusoma Kilatini. Ila "escape" inasema jambo ambalo "flee" haisemi, kwamba mtu amefaulu, ametoka hatarini. Mtu anaweza "flee" bila "escape". Familia iliyotoka Kalehe ikafika Miti, kisha vita ikafika Miti, ilikimbia bila kuponyoka. Wanaoandika kwamba watu "escaped" kabla ya kujua walifika wapi wanafunga habari ambayo bado iko wazi.

Kuna "evacuate", ambalo maana yake ya asili ni kuacha mahali patupu. Linatumika pale kuna mwenye kupanga: kuna amri, kuna magari, kuna mahali palipoandaliwa. Majeruhi wanatolewa kwa gari la wagonjwa, wafanyakazi wa mashirika wanatolewa kwa ndege. Mwanakijiji aliyejitegemea na miguu yake hakuwa "evacuated". Akiandikwa hivyo, anayesoma atafikiri kuna aliyemsaidia, na kwamba deni la kumsaidia limekwisha lipwa.

Halafu kuna "displace", ndugu wa "déplacer" ya Kifaransa, iliyozaa neno ambalo kila mtu wa Miti anatumia: deplase. Kitenzi hiki mara nyingi kinakuja katika hali ya kutendewa. Mtu "amekuwa displaced", yaani ameondolewa mahali pake. Kwa Kiswahili kizuri ni kuhamishwa, si kuhama. Herufi chache tu zimeongezeka mwishoni, lakini zinamleta mtu mwingine katika habari: yupo aliyehamisha. Ubaya wake ni kwamba Kiingereza kinaruhusu mtu huyo asitajwe. Ripoti zinaweza kusema kwamba watu elfu kadhaa walihamishwa, na sentensi ikafika mwisho bila kusema nani aliwahamisha.

Mama mmoja wa upande wa Bunyakiri, anayelala na watoto wake kwenye sebule ya familia iliyompokea, alikataa kwa muda kwenda kuandikishwa. Sababu yake ilikuwa ya kiungwana. "Miye sikukimbia," alisema. "Nilitoka siku mbili mbele ya masasi, nikatembea polepole na mbuzi wangu. Wenye kukimbia ni wale waliokuja nyuma, wenye kuona maiti." Aliona kwamba akijiandikisha angewaibia wengine sehemu yao. Mwenye nyumba, aliyekuwa akigawa maharagi ya watu saba kwa watu kumi na wawili, alimwambia: "Mama, nenda tu. Hata sisi tunachoka."

Sheria iko upande wa mama huyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, hazikuweka kitenzi kimoja. Ziliweka viwili, "flee" na "leave", zikisema ni watu waliolazimika kukimbia au kuondoka makwao. Tena zinawahesabu si wale tu waliokwisha patwa na vita, bali pia wale walioondoka ili kuepuka madhara yake. Mkataba wa Kampala, ambao Umoja wa Afrika uliupitisha mwaka 2009 na ukaanza kutumika 2012, unatumia maana hiyohiyo. Aliyetoka siku mbili mbele ya masasi, polepole, na mbuzi wake, yuko ndani. Sheria haimwombi mtu asubiri maiti ya kwanza ili ahesabiwe.

Kanuni hizohizo zinataja pia majanga ya asili. Tarehe 4 Mei 2023 maji na udongo vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, vikaua zaidi ya watu 400. Walionusurika na kupoteza nyumba hawakukimbia bunduki ya mtu, lakini nao wanaingia katika neno "displaced". Hawaingii katika neno "refugee", kwa kuwa hawakuvuka mpaka wa nchi.

Neno "refugee" lenyewe lina historia kwa watu wa eneo hili. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa, wakati Waprotestanti wa Ufaransa walipokuwa wakikimbilia Uingereza, hasa baada ya mfalme wao kuwafutia uhuru wa dini mwaka 1685. Linatazama mbele, mahali pa kimbilio. Kiswahili kinasema mkimbizi, na jina hilo linatazama mwendo wenyewe. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, makambi makubwa yalijaa Kashusha na INERA, si mbali na Miti, hadi yalipovunjwa na vita ya 1996. Tangu hapo, kwa wazee wengi mkimbizi ni mgeni aliyevuka mpaka. Ndiyo maana Mukongomani aliyehama kutoka kilima kimoja hadi kingine ndani ya Kivu anaumia akiitwa mkimbizi, kana kwamba amenyang'anywa nchi yake. Anapenda kuitwa deplase. Kwa jambo hilo hisia yake na sheria zinakubaliana: hajavuka mpaka, bado ni raia, na serikali ya nchi yake ndiyo yenye wajibu wa kwanza kwake.

Wako pia wenye kitenzi kingine kabisa. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000. Wambuti waliokuwa wakiishi msituni, ambao kwenye karatasi wanaitwa Batwa, walitolewa. Wao hawakukimbia. Kiingereza kinasema "evict", kufukuzwa kwenye ardhi au nyumba kwa amri ya mwenye mamlaka. Mwezi wa saba 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliosema kwamba serikali ilivunja haki za Batwa hao. Kama kwenye kesi ile wangeandikwa kama watu waliohama tu, kusingekuwa na wa kujibu. Kuhama hakuna mshitakiwa. Kufukuzwa kuna mshitakiwa.

Kitenzi cha mwisho katika ukoo huu ndicho cha kuogopwa zaidi na wenye mashamba: "abandon", kuacha na kutelekeza. Mkulima anasema, "Tuliacha shamba." Mkalimani anaandika "abandoned". Neno hilo linaweza kumaanisha kwamba mtu ameachilia kabisa, hana nia ya kurudi. Kwa familia yenye kipande cha ardhi cha kalinzi kule Kalehe au Kabare, na watu wengine wameanza kulima humo, hilo ni neno la hatari. Kanuni za 1998 zenyewe haziitumii lugha hiyo. Zinasema mali iliyobaki nyuma, na kwamba lazima ilindwe isiharibiwe wala kukaliwa kinyume cha sheria. Shamba lililobaki nyuma bado lina mwenyewe.

Nchi hii inajua gharama ya neno moja kuhusu ardhi. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold wa Pili ulitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa pori la mtu la kuwinda, shamba lililopumzishwa, kijiji kilichosogea kwa msimu. Neno "vacant" lililotumika ni la ukoo mmoja na "evacuate", na yote yanasema utupu. Kwa hiyo familia ikiulizwa juu ya shamba lake, ni vizuri iseme kwa urefu: shamba letu limebaki, tulitoka kwa sababu ya vita, na tutarudi kulilima.

Jambo hili si la kupamba maneno ili kupata bashe au unga. Anayesema alikimbia na kumbe alihama kwa biashara anawaharibia wengine, na siku moja maswali yatamshinda. Jambo ni kusema kilichotokea bila kuacha sehemu. Kiingereza kinatafuta kitenzi kipya kila mara. Kiswahili kinaongeza kipande kidogo kwenye kitenzi kilekile: kukimbia, kukimbilia, kukimbizwa. Tulikimbia vita, tulikimbizwa na watu wenye silaha, tukakimbilia Miti. Mtu anayesema hivyo kwa Kiswahili chake cha nyumbani amekwisha kumpa mkalimani kila anachohitaji: tishio lilikuwa nini, lilitoka kwa nani, na kimbilio lilikuwa wapi. Akiongeza tarehe na jina la kijiji, hata mkalimani dhaifu atapata shida kuharibu.

Na siku za kurudi nazo zina vitenzi vyake. "Return" ni kurudi, na pia ni kurudisha. Mtu anaweza kurudi, na mtu anaweza kurudishwa. Kanuni za 1998 zinataka kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na zinampa mtu haki ya kuchagua kukaa mahali pengine. Ripoti ikisema kwamba familia mia moja "returned", swali la kuuliza ni lilelile la mwanzo: nani aliamua?

Ndiyo maana kuna haki moja ndogo ambayo kila mwenye kuhojiwa anaweza kuidai, awe Miti, Burundi au Nakivale. Kabla ya kutia sahihi au kidole, amwombe mkalimani kwa upole: papa, au mama, nisomee kwa Kiswahili ulichoandika. Akisikia "alihama" mahali ambapo alisema "walitufukuza", aombe kirekebishwe palepale, kalamu ikiwa bado juu ya meza.